Mtandao Kwenye Waya za Baba

Korogwe, Jumatatu. Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna. Nguo nilizoanika jana bado zina unyevu.

Kuna sauti moja imekaa nami tangu Jumamosi. Ni pumzi tu. Mama alikuwa ametoka kutawadha kwa ajili ya sala ya alasiri, mikono ina maji, miguu mitupu. Akapita sebuleni kuchukua chupa ya maji ya baridi, akashika mlango wa friji, akavuta pumzi kupitia meno: "Sss!" Halafu akacheka. Akajipangusa mkono kwenye kanga na kusema, "Nimesahau ndala zangu bafuni."

Mimi nilikuwa chumbani kwangu, uani, napiga pasi. Dirisha lilikuwa wazi, nikasikia kila kitu. Nikamjibu bila hata kuiweka pasi chini: "Vaa ndala, Mama!"

Nimeiandika sentensi hiyo kwa makusudi. Nataka ikae hapa niione.

Kwa wanaonisoma bila kutujua: nyumba yetu ina vyumba vitatu mbele, na ng'ambo ya ua kuna chumba kimoja cha tofali ambacho Baba alinijengea niliporudi kutoka chuo Dar. Baba ni fundi umeme. Alianza kufunga umeme kwenye nyumba za watu hapa Korogwe na huko Handeni kabla mimi sijazaliwa. Chumba changu alikifungia waya mwenyewe, siku mbili juu ya ngazi, na hakutaka mtu amsaidie. Alisema hiyo ni zawadi, na zawadi haifanywi na vibarua.

Tangu wakati huo friji la sebuleni linapiga. Ukilishika ukiwa peku unahisi kama sindano inakuchoma kidoleni. Nyumba nyingi ninazozijua zina friji la namna hiyo, na mgeni anaambiwa "vaa ndala kwanza" kama anavyoonyeshwa choo kilipo. Mama aliweka jozi ya ndala za bluu mbele ya friji, na mara kwa mara anazisahau bafuni. Kiangazi kikizidi na friji likizidi, anachukua kopo la maji anakwenda nyuma ya nyumba, palipochimbiwa nondo ya ethi, yaani ule waya unaopeleka ardhini umeme uliotoroka. Anapamwagia maji kama anayemwagilia mche. Friji linatulia. Tumeishi hivyo miaka miwili.

Nimesomea uhandisi wa mawasiliano kwa miaka minne. Nilifundishwa kwa nini udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Nilimtazama Mama akimwagia maji ile nondo, na sikujiuliza hata siku moja umeme huo unatoroka wapi.

Nilivaa ndala kama wengine.

*

Yote haya nimeyajua kwa sababu ya mtandao. Mwezi huu kampuni moja ya Dar imenipa kazi ya kuangalia mitambo yao kutoka nyumbani, zamu ya asubuhi. Sharti lao kubwa ni kwamba mtandao wangu usikatike. Ruta yetu inashika vizuri mahali pamoja tu, dirisha la sebuleni. Waifai yake ikifika uani imeshachoka, na ukuta wa chumba changu unaimalizia. Sebuleni kuna televisheni na wageni wa Mama. Kuvuta waya wa mtandao juu ya ua Mama alikataa, ana kamba zake za nguo.

Basi nikaagiza adapta mbili zinazopitisha mtandao kwenye waya za umeme zilizomo ukutani. Moja unaichomeka kwenye soketi iliyo karibu na ruta, ya pili kwenye soketi ya chumba unachotaka, na data inasafiri humo humo unamosafiri umeme. Hutoboi ukuta wala huvuti kitu. Zililetwa na basi Jumamosi asubuhi.

Baba alizigeuzageuza mkononi, akazisogeza karibu na uso.

"Kwa hiyo intaneti yenu inapita humu?" Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Kwenye waya zako, Baba."

"Zangu zinapitisha. Ikikwama, ujue imekwama ya kwenu. Si Mhandisi wewe?"

Mama akadakia kutoka jikoni, "Mwaka huu tutasikia hata taarifa ya habari kwenye pasi."

Tulicheka wote watatu. Nakumbuka nilivyofurahi. Nilikuwa nimeona aibu muda mrefu, msichana aliyesomeshwa kwa jasho la ufundi halafu anakaa nyumbani bila kazi. Sasa kazi yangu ingepita kwenye kazi ya Baba. Nilitaka iwe hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kuiandika kichwani kwa ajili ya blogu hii, na ingekuwa makala nzuri.

Haikupita.

Adapta ya sebuleni iliwaka kijani. Ya chumbani ikawaka nyekundu, ikazima, ikawaka nyekundu. Nikaihamishia jikoni: kijani. Chumba cha kulala cha wazazi: kijani. Nikairudisha uani: nyekundu. Nilihangaika nayo tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikaiacha kwa hasira, nikaamua kupiga pasi nguo za wiki. Pasi yangu nayo haijawahi kupata moto vizuri chumbani humo, na birika langu la umeme linachukua muda mrefu kuchemsha vikombe viwili. Siku zote nimelaumu pasi na birika.

Ndipo nikasikia ile pumzi ya Mama.

Nilimjibu kama nilivyosema. Nikaendelea na kola ya blauzi. Kisha mkono wangu ukasimama wenyewe. Nikachomoa pasi kwenye soketi, nikavuka ua peku, nikashika mlango wa friji. Hakuna kitu. Nikarudi, nikachomeka pasi, nikavuka tena na mita ya kupimia umeme, nikapima mwili wa friji. Sitaandika namba niliyoiona. Nikachomoa pasi, namba ikaanguka.

Kila nilipopiga pasi chumbani kwangu, friji lilikuwa linampiga Mama.

*

Nilizima umeme wote kwenye swichi kuu, nikawaambia natafuta tatizo la mtandao. Nikafungua soketi ya chumba changu. Ndani ni kazi ya kupiga picha: kila waya umekatwa kipimo kimoja, ncha zimekunjwa mara mbili kabla ya kubanwa, rangi zote mahali pake. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu kwamba kosa si la Baba.

Kisha nikapanda ngazi hadi chini ya paa, kwenye kisanduku ambamo waya za nyumba kubwa zinaungana na za chumba changu. Waya za nyumba ni za zamani, wa moto mwekundu, nyutro, ule wa kurudishia umeme, nyeusi, ethi ya kijani. Za chumba ni za siku hizi, wa moto wa kahawia, nyutro ya bluu, ethi ya kijani yenye mstari wa njano. Baba alikuwa amezungushia maungio utepe mweusi kwa mkono wake ule wa subira, tabaka juu ya tabaka. Nikaubandua.

Nyekundu kwa kahawia. Sawa.

Nyeusi ya zamani kwa kijani yenye njano. Kijani ya zamani kwa bluu.

Yaani umeme wote uliotumika chumbani kwangu, badala ya kurudi kwenye mita kwa njia yake, ulikuwa unarudi kwa njia ya ethi, na ethi hiyo hiyo imefungwa kwenye mwili wa friji. Adapta zangu zilikosa kusikilizana kwa sababu hiyo hiyo. Sebuleni na uani hazikuwa kwenye njia moja.

Nilikumbuka kitu kingine nikiwa bado juu ya ngazi. Kwenye ubao wa umeme palikuwa na swichi kubwa inayojikata yenyewe umeme ukitoroka. Wiki niliyohamia chumbani ilianza kujikata kila nilipochomeka kitu. Baba akasema imechoka, akaing'oa, akaunga moja kwa moja. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mimi ndiye niliyemshikia bisibisi.

Niliunga upya nilivyojua, nikajaribu kwa mita, kisha nikachomeka adapta. Kijani. Mtandao ulikuja kwa kasi ambayo sijawahi kuiona katika nyumba hii. Nilikaa kitandani nikaitazama ile taa ya kijani, nikalia.

Maana hakuna fundi anayekosea hivyo kwa uzembe halafu akafunga utepe vizuri namna ile. Baba aliunga alichokiona.

*

Nimejaribu kurudi nyuma kutafuta ilianza lini. Kuna mchezo wake wa kunipima. Miaka miwili hii, akiwa na kazi ya kuandaa nyumbani, ananiita, anainua vipande vya waya: "Mhandisi, hii rangi gani?" Nasema bluu. "Na hii?" Nasema kijani. "Vizuri, chuo hukwenda kutembea." Nami nacheka, naondoka zangu. Nilidhani ananitania.

Alikuwa anauliza.

Na siku nisipokuwepo, nani alikuwa anamjibu?

Mwezi uliopita, nilipokuwa Dar kwa usaili wa kazi hii, Baba alikuwa Mkata anafunga umeme kwenye nyumba ya Shangazi Mwajabu, dada yake. Shangazi amejenga miaka mingi kwa muhogo na mahindi anayochoma na kuuza mabasi yakisimama. Fomu ya kuombea umeme imeshagongwa muhuri wa Baba, na watu wa umeme wamemwambia wanakuja Jumatano hii kumuunganishia. Yaani keshokutwa.

Jana asubuhi niliaga kwamba nakwenda kumsalimia. Nilibadilisha gari Segera, nikanunua machungwa ili nionekane mtu wa salamu.

Shangazi alinipokea mlangoni na mkono wenye masizi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mama. Umekonda, hiyo kazi ya kompyuta inakula watu?" Akapokea machungwa, akakiona kipochi changu cha vifaa. "He! Msalimiaji gani anakuja na bisibisi?"

"Nimetamani tu kuiona kazi ya Baba."

"Iangalie. Ila usiniharibie, kaka yangu kaifunga kwa roho yake yote. Nilimwambia pumzika, akasema akipumzika atakufa."

Akanipeleka jikoni kwanza. Friza limeshafika. Amelifunika kitenge kipya, limekaa kwenye kona kama bibi harusi anayesubiri kufunuliwa, na alisema hivyo hivyo mwenyewe kabla sijalifikiria. Amepanga kila kitu. Atauza maji ya baridi, juisi ya ubuyu na barafu kwa abiria. Atakuwa anafungua na kufunga siku nzima, mikono imelowa, sakafu imelowa. Akanionyesha kwa vitendo, akainama juu ya friza, akatoa chupa ambazo hazipo, akakimbilia mlangoni na kupiga kelele, "Ya baridi, ya baridi!" Akacheka hadi akashika ukuta.

Alipotoka kugeuza mahindi yake, nilifungua soketi ya friza.

Waya wa kahawia ulikuwa kwenye mguu wa ethi.

Kwa asiyejua, nitasema kwa ufupi. Jumatano umeme ukiwashwa, mwili mzima wa lile friza ungekuwa waya wa moto. Ndala zisingesaidia.

Nilifungua soketi nyingine mbili. Moja ilikuwa sawa. Nyingine ilikuwa na bluu na kijani zimebadilishana, kama nyumbani.

Nilirudisha mifuniko yote. Shangazi akarudi na hindi la kuchoma kwa ajili yangu.

"Vipi, Mhandisi, amepasi?"

"Amezipanga vizuri sana," nilisema.

Kweli zilikuwa zimepangwa vizuri. Nilikula hindi lile hadi mwisho, nikaaga.

Nataka niwe mkweli kuhusu nilichokuwa nafikiri njiani, kwa sababu sikufikiri mambo mema. Nilifikiri ningerudi Jumanne kwa kisingizio kingine, nifungue soketi moja moja, swichi moja moja, nirekebishe nyumba yote kimya kimya. Umeme ungewaka Jumatano, Shangazi angempigia kaka yake vigelegele kwenye simu, na Baba asingejua kamwe. Nilijiona mtoto mwema. Niliipenda picha hiyo hadi nikakaribia kuiamini.

Lakini Alhamisi Baba anaanza kazi Mashewa, kwenye nyumba ya Mzee Rajabu, mtu anayemfahamu tangu ujana. Baada ya hapo kuna nyumba nyingine. Ningemfuata nyuma kila nyumba na bisibisi?

Na ukweli mwingine ni huu: sikuwa namwogopea yeye tu. Nilikuwa nakiogopa kile atakachoniambia mimi.

*

Leo zamu yangu iliisha mchana. Niliswali, nikatoka uani. Baba alikuwa kwenye kiti chake anasafisha plaizi kwa kitambaa chenye mafuta, Mama anachambua mchele pembeni. Nilikuwa nimewaza kumwinulia vipande vya waya nimuulize rangi, kama anavyoniuliza. Niliviacha chumbani. Ingekuwa kumtega.

Nikakaa chini kwenye mkeka, nikamweleza. Kisanduku cha chini ya paa. Pasi yangu na friji. Soketi ya friza la Shangazi. Niliongea haraka kama mtu anayesoma tangazo.

Aliendelea kusugua plaizi.

"Nani alikutuma ukakague kazi yangu?"

"Hakuna, Baba."

"Ulikwenda kwa dada yangu ukafungua kazi yangu, ukarudi hapa ukala chakula cha usiku na mimi."

"Ndiyo, Baba."

"Nimekusomesha kwa kazi hii unayoifungua."



"Mwache mtoto," Mama alisema. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Nani anakuchagulia shati la Ijumaa? Nani anakusomea meseji? Mimi nilinyamaza kwa sababu ni shati. Sikujua kumbe ni umeme."

Nilimgeukia. Mama alikuwa anajua. Alikuwa anajua habari ya macho, na mimi nilikuwa najua habari ya friji, na hatukuwahi kuziweka pamoja, kila mmoja akimstahi mzee kwa upande wake.

Baba aliweka plaizi kwenye mapaja. "Ni ukungu," alisema. "Asubuhi upo kidogo. Jua likiwa kali ndiyo unajaa. Nilidhani ni miwani." Kisha kwa sauti ya chini zaidi, "Ya kahawia kwenye ethi?"

"Ndiyo, Baba."

"Ya friza?"

"Ya friza."

Mama aliacha kuchambua.

Nilitoa simu yangu. Nilikuwa nimeshaamua tangu jana nikiwa Segera kwamba sitafanya jambo lolote nyuma yake tena. Nikampigia Shangazi hapo hapo mbele ya Baba, nikaweka sauti ya nje. Nikamwambia asikubali kuunganishiwa Jumatano, waya zina makosa, soketi ya friza ingeweza kumuua.

Nilisikia mlio wa basi huko kwake.

"Wewe mtoto," Shangazi alisema, "umenizimia taa ambazo hazijawaka." Alijaribu kucheka, haikutoka. "Jana si ulisema ziko vizuri?"

"Nilisema zimepangwa vizuri, Shangazi. Nilikuficha. Nisamehe."

"Na kaka anajua?"

Baba akanyoosha mkono, nikampa simu. Akaongea na dada yake Kizigua, haraka haraka, Kizigua cha utotoni mwao ambacho mimi nakipata nusu. Nilidaka neno la macho. Nililidaka mara mbili. Sijui Shangazi alisema nini, kwa sababu Baba alikuwa ameondoa sauti ya nje kwa bahati mbaya, akiwa anaitafuta skrini kwa kidole gumba. Aliporudisha simu, uso wake ulikuwa umelowa, na hakuufuta.

Kisha akatoa simu yake mfukoni, akanipa.

"Mtafute Rajabu wa Mashewa. Ongea wewe. Mimi sitaweza."

Mama akasema taratibu, "Mwambie baba yako anaumwa. Inatosha."

Ingetosha kweli. Watu wanaumwa. Anaumwa mwezi huu, anaumwa na mwezi ujao, na taratibu watu wanaacha kumwita, na hakuna aliyesema lolote kuhusu Fundi. Nililitafuta jina kwenye simu huku nikiwaza hivyo. Ningempa Baba njia ya kutoka kwa heshima. Lakini kuna nyumba nyingine alizofunga miaka miwili hii, na wenye nyumba hizo nao wana mafriji na pasi na wake wanaotoka kutawadha. Kama sababu ni homa, hakuna atakayefungua soketi yake kuangalia.

Simu ikaita.

"Shikamoo, mzee. Ni binti wa Fundi, wa Korogwe."

"Marahaba, mama. Mwenyewe yuko wapi? Nimeshamnunulia waya zote, namsubiri Alhamisi."

"Hatakuja, mzee. Tunaomba utafute fundi mwingine."

"Kulikoni? Anaumwa?"

Nilimtazama Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Hakunipa ishara yoyote.

"Macho, mzee," nilisema. "Haoni rangi za waya. Na nyumba alizofunga karibuni tunaomba zikaguliwe. Nitaanza kuwapigia wenyewe mmoja mmoja."

Kisha nikamwomba Baba anitajie majina, kuanzia nyumba ya karibu. Alinitajia sita kabla ya magharibi, na nimeshawapigia wote.